Kufuli la Saa ya Heri

Kwa hiyo Mama Alamelu alikuwa amekufa. Ndivyo skrini ilivyotuambia tulipoachana Jumapili iliyopita: mstari wa kijani wa moyo wake ulijilaza, namba ikaporomoka hadi sufuri mbele ya wageni mia mbili, na mwanawe Varadan, mkurugenzi wa kampuni, akabaki jukwaani ameachama na maikrofoni mkononi.

Sasa sikiliza, msomaji wangu. Marehemu alikuwa kwenye kiti cha mbele kabisa, anatafuna vadai, andazi la dengu.

"Mnanitazama nini?" akauliza alipoona ukumbi mzima umemgeukia. "Leteni chatini. Hii kavu."

Kicheko kilichopasuka humo ndani kilisikika mpaka nje kwa wauza asumini. Waliocheka zaidi ni madaktari, na madaktari ndio hasa Varadan aliokuwa akiwatega.

Kama hukuwa nasi wiki zilizopita, usihangaike. Kampuni ya Varadan inatengeneza vidude vitatu vya kuvaa mwilini: kibandiko cha kifuani kinachosikiliza moyo, kihisi cha mkononi kinachopima sukari, na pampu ya kiunoni inayomimina insulini kwa kufuata neno la kihisi. Vinaongea bila waya, na ili mtu baki asiingilie maongezi yao, vimefungwa kwa kufuli la siri. Asubuhi hiyo Varadan alimvalisha mama yake mzazi vyote vitatu, ili Daktari Hepsiba, mkuu wa hospitali moja kubwa hapa Chennai, ajionee na akubali kuwavalisha wagonjwa wake. Mtu anayemgeuza mama yake kuwa tangazo la biashara mimi nina jina langu la kumwita, ila mhariri hatalichapa.

"Ni skrini hiyo," Varadan akasema, akicheka peke yake. "Mitambo ya kukodi, mnaijua."

"Skrini ni nzima, bosi." Aliyejibu ni Kayal, yule mhandisi msichana aliyeketishwa nyuma karibu na feni mbovu. "Kuna mtu anaongea kwa jina la kibandiko. Kibandiko kinasema moyo unapiga, na yeye anasema umesimama."

"Haiwezekani!"

Huyo ni Sendhil. Sendhil ni mkuu wa ulinzi wa mawasiliano, cheo alichokipata kwa kuhudhuria semina ya siku tatu Coimbatore na kurudi na cheti chenye mhuri wa dhahabu. Cheti amekitundika juu ya meza yake, na chini yake ametundika picha yake akikipokea.

"Kufuli letu," Sendhil akawageukia wageni, "mtu akitaka kulivunja, ataanza leo na jua litazimika kabla hajamaliza."

"Hayo umeyasoma kwenye kijitabu chetu cha matangazo," Kayal akasema.

"Kijitabu nimekiandika mimi!"

"Ndiyo maana."

Kabla Sendhil hajapata la kujibu, skrini ikabadilika. Moyo ukarudi ukipiga vizuri, lakini namba ya sukari ikaanza kupanda. Mia na ishirini. Mia na tisini. Mia mbili na sitini.

"Vadai hiyo!" mzee mmoja wa safu ya tatu akapiga kelele, na watu wakacheka tena.

Mia tatu na arobaini. Kiunoni kwa Mama Alamelu, chini ya pindo la sari ya hariri, pampu ikaanza kunguruma.

Kayal hakucheka. Aliruka viti viwili na kumkanyaga mjumbe mmoja wa bodi. Yeye alijua kile ambacho wacheshi wa safu ya tatu hawakukijua: kama ile sukari ni ya uongo, basi insulini inayomiminwa ni ya kweli, na insulini ya kweli kwenye damu isiyo na sukari nyingi inamwangusha mtu, inamtikisa, kisha inamuua.

"Bibi, naomba nikuvue hiyo pampu."

"Toa mkono wako," Mama Alamelu akamchapa kofi vidoleni. "Mwanangu kasema nisikivue kidude mpaka hotuba ziishe."

"Kayal, rudi nyuma," Varadan akasema bila kufungua meno, huku akiwatabasamia wageni. "Unanitia aibu."

"Bosi, kivue."

"Nikikivua mbele ya madaktari, nimekiri kwamba ni kibovu."

"Na usipokivua utamzika."

"We msichana, hivi unajua unaongea na nani?"

Alijua vizuri sana, na ndiyo maana aliongea hivyo. Lakini Varadan alikuwa ameshashuka jukwaani na kusimama kati yake na kiti cha mama, kitambi mbele, na Sendhil pembeni amepanua mikono kama mtu anayezuia kuku wasitoke bandani.

Aliyewapita wote wawili ni Daktari Hepsiba. Mwanamke mfupi, miwani kwenye kamba, mkoba mkubwa wa ngozi. Hakuomba ruhusa ya mtu. Alikishika kidole cha Mama Alamelu, akakitoboa, akapaka tone la damu kwenye kipimo chake cha mfukoni, akasubiri.

"Themanini na nne, sawa kabisa," akasema. Akaitazama skrini: mia tatu na arobaini. "Kuna mwongo hapa, na si kidole cha huyu mama."

Sasa hakuna aliyecheka.

"Dawa iliyokwisha kuingia itaanza kumshusha baada ya robo saa," daktari akaendelea. "Inayoendelea kuingia itammaliza. Zimeni hicho kitu."

"Sendhil!" Varadan akafoka. "Zima!"

Sendhil akafungua kompyuta yake. Akabofya hapa, akabofya pale, akafuta jasho, akabofya tena palepale.

"Inataka ufunguo wa siri, bosi."

"Si uuweke!"

"Hakuna binadamu anayeujua. Vidude vilijitengenezea vyenyewe siku vilipowashwa. Ndiyo uzuri wake."

Kayal akamgeukia polepole. "Vilijitengenezea vikiwa kifuani kwa nani?"

Sendhil akarudi kubofya palepale.

Hapa lazima nikuibie siri moja ya kufuli hili, nayo ni akili ya Kayal peke yake, si ya hawa wenye tai. Moyo wa binadamu haupigi sawasawa. Pigo hili linachelewa punje, lile linawahi punje, na mpishano huo haurudi tena vilevile. Kibandiko kilichoko kifuani na pampu iliyoko kiunoni vinausikia moyo uleule kwa wakati uleule, basi vinaokota ufunguo wao humo humo mwilini. Aliye nje ya mwili hausikii. Na Kayal aliandika kwa herufi nene: kidude kikikosa moyo, kisiwake.

"Nimekuuliza," Kayal akasema. "Viliwashwa wapi?"

"Siku ya puja, ibada ya kubariki vyombo," Sendhil akanong'ona. "Kwenye sinia."

"Sinia gani?"

"Lile la ibada. Kati ya ndizi na majani ya tambuu. Tulivipaka liwa na unga mwekundu. Bosi alitaka taa zote ziwake kijani kwa pamoja saa ya heri ikifika. Yeye mwenyewe alibonyeza swichi moja ya vyote."

"Na sinia lilikuwa na moyo?"

"Tulipofanya majaribio siku moja kabla hazikuwaka, Kayal! Zingegoma hivyo saa ya heri, mganga wa nyota angekasirika, bosi angeniua. Basi nikarekebisha kidogo."

"Ulirekebisha nini?"

"Kikikosa moyo," Sendhil akasema, "kichukue saa."

Ukumbi haukuelewa. Kayal alielewa, na uso wake ukawa wa mtu aliyefungua sufuria akakuta panya. Ufunguo wa kulinda uhai wa mtu ulitengenezwa kwa saa ya ukutani, na saa yenyewe si siri, maana Varadan aliitangaza mji mzima. Aliichapisha kwenye kadi za mwaliko wa puja! Kadi mia tano! Alizigawa kwa wateja, kwa majirani, hata kwa kampuni zinazoshindana naye, ili waumie roho.

Na Kayal alikuwa wapi siku hiyo? Alikuwepo, akafika mpaka mlangoni na maua yake. Mama Alamelu akamuuliza sikioni lile swali ambalo wanawake huulizana siku ya ibada, Kayal akajibu ukweli, akaambiwa arudi nyumbani asije akalichafua sinia. Mtu pekee aliyejua kufuli linavyofanya kazi alifukuzwa kwa ajili ya hedhi, na punguani mwenye cheti akaachwa ndani na vidude.

"Nani ana kadi ya ile puja?" Kayal akapaza sauti.

Mke wa mgeni mmoja alikuwa anajipepea nayo. Kayal akaichomoa mkononi mwake. Wino wa dhahabu, picha ya mungu wa kike na kinanda chake, na chini yake kwa herufi kubwa: saa nne na dakika arobaini na mbili asubuhi.

"Bosi, hukuandika sekunde," akasema huku akiandika haraka kwenye kompyuta yake. "Basi nina sekunde sitini za kujaribu."

Kompyuta ilizijaribu kabla mzee wa safu ya tatu hajamaliza kupiga chafya.

"Sekunde ya kumi na saba. Ulichelewa kidogo kubonyeza."

Akatuma amri. Pampu ikanyamaza.

Watu wakapiga makofi. Varadan naye akapiga makofi, msomaji wangu, kama vile na yeye alikuwa mtazamaji tu aliyelipa kiingilio! Hayakufika matano, pampu ikaanza kunguruma upya.

"Vipi tena?" Varadan akauliza.

"Mwenzangu naye ana kadi," Kayal akasema bila kuinua macho. "Mimi nazima, yeye anawasha. Na hivi vidude sauti yake haivuki ukuta. Bosi, huyo mtu yuko humu ndani."

Wageni mia mbili wakaanza kutazamana. Kila aliyeshika simu akaiweka mapajani.

Kayal akazima. Pampu ikawaka. Akazima. Ikawaka. Daktari Hepsiba akatoboa kidole cha pili.

"Sitini na sita. Mama, unajisikiaje?"

"Miguu imekuwa ya pamba," Mama Alamelu akasema. Midomo yake ilikuwa imeanza kutetemeka. "Binti, hebu niambie. Hicho kidude ndicho kinachoniua?"

"Ndicho, bibi."

"Kimefungwa kwa nini?"

"Kwa ufunguo wa siri ambao..."

"Kiunoni, nauliza! Kimefungwa kwa nini?"

"Kwa plasta, bibi."

Mama Alamelu akamtazama mwanawe. Akamtazama Sendhil. Kisha akapitisha mkono chini ya sari, akashika, akavuta mara moja kwa nguvu zake zote zilizobaki.

"Aii!" Pampu ikatoka na plasta yake na sindano yake, ikatua jukwaani. "Wahandisi wote hawa, hakuna hata mmoja mwenye kucha!"

Kayal akaiokota na kuichomoa betri. Daktari Hepsiba akaagiza kitu kitamu, na mpishi akaja anakimbia na sufuria ya payasam, maziwa mazito yenye tambi na sukari ya kukufuru. Mama Alamelu akalibugia bakuli la kwanza bila kupumua.

"Miaka kumi na moja mmeninyima hii," akasema, akifuta mdomo. "Ongeza."

Sabini na tisa. Tisini na mbili. Rangi ikamrudia. Aliposhusha bakuli la tatu, alimwita Kayal kwa kidole.

"Siku ile ya puja nilikurudisha mlangoni."

"Ndiyo, bibi."

"Ungekuwepo, ungemzuia huyu mpumbavu?"

"Ningemzuia."

Ulidhani ataomba radhi? Basi huwajui kina mama wa mtaa wa Mylapore.

"Nipe la nne," akasema, na akahamisha mkoba wake kwenye kiti cha pembeni ili Kayal akae.

Mwanamume mwenye haya angekwenda nyumbani hapo. Varadan alipanda jukwaani, akafunga kifungo cha koti, akaigonga maikrofoni.

"Wageni wetu wapendwa! Mlichokiona ni zoezi. Tulitaka mjionee, moja kwa moja, namna timu yetu inavyopambana na mhalifu!"

Na wapo waliopiga makofi. Mimi nimekaa mji huu miaka mingi na bado sijazoea watu wanaopigia makofi chochote kinachotoka kwenye spika. Daktari Hepsiba akafunga mkoba wake kwa kishindo.

"Zoezi!" akasema. "Nisingekuruhusu umvalishe hata mbuzi."

Kayal hakuwa anasikiliza. Alikuwa anaitazama kompyuta yake. Pampu ya Mama Alamelu ilikuwa mapajani mwake, haina betri, imekufa kabisa. Na kwenye kompyuta, pampu ilikuwa inajibu.

Inamimina, iliandika. Inamimina.

"Sendhil," akaita, na sauti yake haikuwa na dharau tena. "Kwenye sinia mliwasha seti ngapi?"

"Mbili."

"Ya pili iko wapi?"

"Ya akiba? Bosi aliichukua. Alisema ataitunza mwenyewe."

Kufuli moja, msomaji wangu. Ufunguo mmoja kwa seti mbili. Kila uongo ulionong'onezwa pampu ya mama, pampu ya pili iliusikia na kuutii. Kayal alipozima, zote zilizima. Mhalifu alipowasha, zote ziliwaka. Na tangu bibi ang'oe yake, Kayal alikuwa ameondoa vidole vyake kwenye kompyuta na kwenda kuketi kando yake.

Akairukia kompyuta, akatuma amri ya kuzima.

Mama Alamelu alikuwa ameshasimama. "Varada," akaita. "Fungua shati."

"Mama, niko kwenye hotuba."

"Baba yako alikuwa na sukari. Babu yako alikuwa na sukari. Wewe unawaambia watu una afya ya farasi. Fungua shati!"

"Mama, mbele ya wa... mbele ya..." Neno likamkimbia. Akatazama maikrofoni kana kwamba limo humo. "Mbele ya hawa wa..."

Akaanguka jukwaani. Bibi alimfikia wa kwanza, na kwa mikono ileile iliyomvalisha sare ya shule akamkatia vifungo. Kiunoni, juu ya mkanda wa suruali, palikuwa na pampu, na bado ilikuwa na doa la liwa la siku ya puja. Daktari Hepsiba akaiinua kwenye mwanga. Kichupa cha insulini kilikuwa kikavu.

"Yote imeingia," akasema. Akatoboa kidole. "Thelathini na moja."

"Kunywa, Varada." Mama Alamelu alikuwa amepiga magoti, bakuli mkononi. "Kunywa, mwanangu. Fungua mdomo."

Meno yalikuwa yameumana. Payasam ikamtiririka kidevuni, ikaingia kwenye kola ya suti.

"Acha, atapaliwa! Hawezi kumeza," daktari akamshika mkono bibi. "Anataka glukosi ya kuchoma kwenye mshipa. Nani anayo? Ninyi nyote madaktari, hakuna aliyekuja nayo?"

Walikuja na kadi zao za majina.

"Mimi ninayo."

Mtu alisimama safu ya nyuma. Mtu wa kawaida kabisa, shati jeupe, majivu ya hekaluni kwenye paji la uso, uso ambao ungeusahau ukishageuka. Kwa mkono mmoja alishika chupa na bomba la sindano. Kwapani alibana kompyuta ndogo ambayo hakujisumbua kuifunga, na alipokaribia, Kayal akaona kwenye kioo chake orodha ileile iliyokuwa kwenye kioo chake yeye: kibandiko, kihisi, pampu.

"Daktari, usimruhusu!" akapiga kelele. "Ndiye yeye!"

Yule mtu hakukimbia wala hakukana. Alinyoosha mkono tu.

Daktari Hepsiba aliipokea chupa, akaigeuza, akaisoma. "Imeandikwa glukosi," akasema taratibu. "Lakini mhuri umeshavunjwa. Humo ndani kunaweza kuwa na chochote."

Varadan akaanza kutikisika, visigino vinagonga mbao za jukwaa. Daktari akatoboa tena: ishirini na sita. Akamwangalia Mama Alamelu, maana hakukuwa na ndugu mwingine wa kuulizwa.

Bibi aliliweka bakuli chini, akamtazama yule mgeni usoni.

"Mchome mwanangu," akasema.